Nadhiri ya Mlisha Rola

Mama Mchungaji alikuja kwangu Jumatano jioni, nimetoka kazini, miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi. Hakuja kunijulia hali. Alikuja na karatasi. Ilikuwa ratiba ya ibada ya shukrani ya Jumapili, na baada ya maombi ya kufungua nilikuwepo mimi.

"Wewe ndiye utakayeanzisha sifa, mama," akasema huku akijipepea kwa hiyo hiyo karatasi. "Ushuhuda kidogo, dakika tano, halafu unapandisha wimbo. Kanisa zima linakungoja. Jamani, Bwana amewatoa mikononi mwa yule mtu! Miaka kumi na moja!"

Ilikuwa kumi na miwili, lakini nani anabishana na mke wa mchungaji miguu ikiwa kwenye beseni? Nikasema amina. Akaniambia kwaya itavaa vitambaa vyeupe kichwani, nikasema amina tena. Alipoondoka, binti yangu akatoa kichwa jikoni.

"Mama, hiyo amina yako leo imelala chali."

"Nimechoka, mwanangu."

"Unachoka nini tena na yule mtu ameshaondoka?"

Ndiyo hivyo. Mtoto amesoma, lakini mambo mengine hayafundishwi darasani.

Ngoja niseme kazi yangu, maana watu wakisikia "dobi" wanawaza mtu mmoja na pasi ya mkaa. Pale kwetu ni jengo zima. Tunafua shuka za hospitali na za hoteli, magari yanaleta yanachukua, na wanawake tuko kumi na sita. Mimi ni mlisha rola. Rola ni mashine ndefu ya kunyooshea: magogo ya chuma ya moto yanayozunguka, shuka mbichi inaingia huku, inatoka kule imekauka na imenyooka. Shuka haiingizwi na mtu mmoja. Mnasimama wawili, wewe unashika pembe hii, mwenzio anashika ile, mnaivuta sawasawa, mnaipeleka pamoja. Ukitangulia, inakunjamana. Ukichelewa, inakwenda upande. Unayelisha naye, sisi tunamwita pacha wako. Miaka tisa nililisha na pacha mmoja, na ninakwambia, mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuijua mikono yangu kama alivyoijua yule mama.

Msimamizi wetu tulimpa jina la Kipenga, kwa sababu alikuwa nacho shingoni tangu asubuhi mpaka tunafunga. Kila kitu kilikwenda kwa kipenga. Kuanza kazi, kipenga. Kwenda chooni, kipenga, mara mbili kwa siku, saa nne na saa nane, na ole wako tumbo lako liwe na ratiba nyingine. Kuongea kazini marufuku, na kuimba ndiyo usiseme. Jumapili alitupangia zamu makusudi, eti Mungu wenu haendi popote, mtamkuta Jumatatu. Na kuzima mashine, kipenga. Rola ilikuwa na kitufe chekundu, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya uji, upande wangu, mkono ukinyooka unakifikia. Mwanamke mmoja alikibonyeza siku moja kwa sababu shuka ilikuwa inaungua. Kipenga alimsimamisha juu ya stuli, uso ukutani, tangu asubuhi mpaka jioni. Akisinzia, anapulizwa sikioni. Yule mama ni mtu mzima, ana wajukuu. Baada ya siku ile hakuna aliyekigusa tena bila ruhusa.

Tulikuwa tunaimba midomo imefungwa. Mimi na pacha wangu tulikuwa na wimbo wetu, maneno tunayajua sisi wawili, tunauimba kwa mvumo tu, rola inanguruma juu yake na Kipenga hasikii. Mimi sauti ya kwanza, yeye ya pili. Na ndipo tulipoweka nadhiri. Alininong'oneza siku moja shuka zinapita: "Siku Mungu atakayomtoa huyu, tutasimama mbele ya kanisa tuimbe hivi hivi, lakini midomo wazi." Nikamjibu, "Wote wawili." Akasema, "Wote wawili, na asiyeimba Mungu amuulize." Tulicheka puani, maana kucheka nako kulikuwa marufuku.

Basi Mungu akamtoa. Wakaguzi wa kazi walikuja mara tatu, tukahojiwa mmoja mmoja kwenye chumba cha sabuni, na mara ya tatu Kipenga akaondoka na boksi lake mkononi, hakumuaga mtu. Hiyo ni miezi mitatu sasa. Wanasema Mungu hachelewi. Sawa, hachelewi, lakini magoti yangu anayajua yeye.

Msimamizi mpya ni mwanamke mpole. Siku ya kwanza alituambia, "Mama zangu, chooni nendeni mkitaka, na kuimba imbeni." Tukamwambia asante. Mpaka leo saa nne kamili ikigonga, wanawake kumi na sita tunaweka kazi chini, tunajipanga foleni chooni. Na kuimba, hakuna aliyeimba. Tunafanya kazi kimya kimya kama tuko msibani, yule dada wa watu anatutazama haelewi.

Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Ni kweli, mimi imeninyea, ndiyo maana kanisa limenichagua. Lakini aliyelowa anataka kwanza kukauka. Na mimi nilikuwa na jambo ambalo halikauki.

Pacha wangu hakuwepo kwenye ratiba. Pacha wangu hakuwepo hata kazini. Mwaka na nusu kabla Kipenga hajafukuzwa, siku ya Jumanne, tulikuwa tunalisha shuka za hospitali. Kile chuma cha kukinga vidole kilishang'oka siku nyingi, tulisema tukachoka. Pembe ya shuka ikamzunguka mkono wa kulia. Nikaona shuka inaingia, vidole vinaingia nayo. Nikaona uso wake. Kitufe kiko pale, naweza kukigusa.

Nikageuza shingo kumtafuta Kipenga.

Sijui niseme nini zaidi. Nilimtafuta mlangoni, hayupo. Nikamtafuta penye mizani, hayupo. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka, uko hewani, unangoja. Ulikuwa muda wa kukunja shuka mbili hivi. Halafu akatokea kwenye chumba cha chai, akaona, akapuliza. Kipenga kilipolia, nikabonyeza.

Wakaguzi waliponiuliza kwenye chumba cha sabuni, nilisema mashine ilichelewa kusimama. Wakaandika. Mashine haikuchelewa hata kidogo, ni nzuri sana ile mashine. Niliyechelewa ni mimi.

Sasa niambie, ningesimamaje Jumapili? Kumshukuru Mungu nilitaka. Nilipiga magoti Alhamisi, nikapiga Ijumaa, nikafungua mdomo, kikatoka kikohozi. Nadhiri ilikuwa ya watu wawili na mmoja nilikuwa nimemwacha ndani ya rola. Nikisimama peke yangu kupokea makofi, namdanganya Mungu kwenye nyumba yake. Nisiposimama, nadhiri ni nadhiri, siyo ahadi ya kukopeshana ungo.

Jumamosi mchana nikapiga moyo konde, nikaenda kwake.

Tangu aumie nilikuwa nimekwenda mara mbili tu, na sukari, nikakaa ukingoni mwa kiti kama mdai, nikaondoka chai haijapoa. Anakaa vyumba viwili nyuma ya fundi viatu. Siku hizi anawalea watoto wachanga wa majirani, mama zao wakienda kazini. Wawili walikuwa wamelala kwenye mkeka, na yeye yuko uani anaanua nguo. Alikuwa anakunja shuka peke yake: pembe moja kaibana kwa kidevu, nyingine mkono wa kushoto, katikati kaishika kwa goti. Mkono wa kulia ulikuwa ubavuni, ngozi inang'aa, vidole vimejikunja havifunguki.

"Ala! Umepotea wewe," akasema kwa kidevu hicho hicho. "Nilidhani umeshanyakuliwa mbinguni umetuacha."

"Mbinguni wananitaka na miguu hii? Nitawachafulia sakafu."

"Basi usisimame kama mgeni rasmi. Shika huku."

Nikashika. Mikono haisahau. Tukavuta, tukanyoosha, tukapiga mara moja hewani vumbi likatoka, hatua moja, hatua mbili, tukakutana katikati pembe kwa pembe. Ule mkono wake mbovu aliutumia kama ndoano, akabana shuka kwa kiwiko. Ilikwenda sawa. Uso wake ukawa karibu na wangu, na mimi nikaona nisiposema sasa sitasema tena.

"Pacha," nikasema polepole kwa sababu ya wale watoto, "kitufe kilikuwa upande wangu."

"Najua kilikuwa upande wako. Miaka tisa aliyesimama nawe pale alikuwa shangazi yako?"

"Sikukibonyeza. Nilimtafuta yule kwanza. Nilingoja apulize."

Alichukua shuka mikononi mwangu, akaiweka kwenye kapu, akatoa nyingine kwenye kamba. Akanipa pembe. Tukaikunja yote mpaka mwisho, na mimi machozi yananishuka mpaka kidevuni, siwezi kujifuta, mikono imeshika.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona?"

"Nilikuona ukigeuza shingo. Kuna kitu gani kingine cha kutazama pale? Nilikuwa nakutazama wewe." Akavuta pumzi. "Nilikuchukia. Usidhani sikukuchukia. Ulipokuja na ile sukari yako nilitaka kukumwagia kichwani. Nikisikia kwaya redioni nakukumbuka, nazima."

"Haki yako."

"Nyamaza, sijamaliza. Kila mara unadakia." Akakaa kwenye kigoda, akauweka ule mkono mapajani. "Siku moja nimekaa hapa hapa, mtoto mmoja kadondoka kidogo tu, hata hakuumia, akalia mpaka fundi viatu akaja kuuliza. Nikasema, kumbe. Mtu akiumia analia. Nikajiuliza, mimi mbona sikulia? Mkono unaungua, mdomo ni wangu, nani kanifunga? Wewe ulinisikia nimepiga kelele?"

Nikafikiri. Muda wote ule nilikuwa nakumbuka uso wake, sikuwahi kukumbuka sauti. Hapakuwa na sauti.

"Hukupiga," nikasema.

"Nilibana meno. Unajua nilikuwa nawaza nini? Nawaza, nikipiga kelele huyu atanipandisha kwenye stuli. Mkono unakwenda, mimi naogopa stuli! Ningepiga kelele, labda ungeshtuka. Labda wenzetu wa kule shuka zinakotokea wangekuja. Sijui." Akatikisa kichwa. "Wewe ulingoja kipenga na mimi nilingoja kipenga. Tulikuwa punda wawili kwenye kamba moja, halafu mmoja anamlaumu mwenzake kwa nini hakuikata."

Mtoto mmoja akageuka kwenye mkeka, tukanyamaza wote mpaka akatulia. Nikakaa chini, kwenye saruji, maana kigoda kwake ni kimoja. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye kucha. Nikamwambia habari ya ratiba, na vitambaa vyeupe, na Mama Mchungaji.

"Nitamwambia nina mafua," nikasema. "Aanzishe mtu mwingine."

"Nadhiri uliiweka kwa Mama Mchungaji?"

"Tuliiweka kwa Mungu."

"Basi mafua yako kamwambie yeye, uone kama atakupa dawa."

Nikacheka, sikutaka kucheka lakini nikacheka. Yeye hakucheka.

"Sikiliza," akasema. "Sijasema nimekusamehe yote. Kuna siku nikishindwa kufunga kifungo cha blauzi, nakuchukia upya. Hiyo nitapambana nayo na Mungu, taratibu, yeye ana muda. Lakini yule mtu ameondoka. Hilo tuliliomba miaka mingi, na limetokea, na mimi sijamshukuru Mungu hata mara moja, kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia wewe. Jumapili nitakuja. Nitakaa nyuma. Usiniite mbele, sitaki watu wanipapase mkono."

Jumapili kanisa lilijaa. Vitambaa vyeupe, maua ya plastiki, mtoto wa mzee wa kanisa kwenye kinanda anapiga piga kujaribu. Wenzangu wa dobi walikaa safu mbili za mbele. Nikatazama nyuma. Alikuwa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, amevaa mtandio umefunika mkono.

Mama Mchungaji akanipa kipaza sauti. "Mama, tuambie Bwana amekutendea nini!" Watu wakapiga makofi kabla sijasema lolote.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yakapotea yote, nikabaki na yale mengine.

"Bwana ametutoa," nikasema. "Namshukuru. Sina cha kumpinga. Lakini nimekuja nimechoka, mtanisamehe." Makofi yakapungua. "Pacha wangu aliumia mkono nikimwona. Kitufe cha kuzima kilikuwa karibu yangu kama hiki kipaza sauti. Nikangoja kipenga. Wakaguzi niliwaambia mashine ilichelewa, nilisema uongo. Nimemwambia mwenyewe jana, leo nawaambia ninyi, kesho nitakwenda kuwaambia na wao. Yule mtu Mungu alimtoa kazini miezi mitatu iliyopita. Mimi nilikuwa nimebaki naye hapa." Nikajigusa shingo.

Hakuna aliyesema amina. Mama Mchungaji alikuwa anajipepea kwa nguvu kama nyumba inaungua. Wenzangu wa dobi wameinamisha vichwa, na yule bibi wa stuli analia bila sauti, kama tulivyozoea. Kinanda kikatoa noti ya kuanzia, kikangoja. Kikatoa tena.

Nikafungua mdomo. Wimbo ulikuwepo, ule wetu, nausikia kifuani, na maneno yake nayajua. Lakini haukutoka. Nikajikuta nimegeuza shingo. Naapa sikukusudia. Nimegeukia mlango wa pembeni, ule wa chumba cha wazee, natazama pale kama kuna mtu atatokea. Kanisa zima likageuka kutazama ninachotazama. Hapakuwa na kitu, mlango tu na kufuli lake.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, kali, ikapasua kanisa mpaka watoto wakashtuka. Miaka tisa nilisimama naye na sikuwahi kumsikia akipaza sauti hivyo.

"Pacha! Unamngoja nani?"

Nikageuka. Alikuwa amesimama. Mtandio ulishaanguka, ule mkono uko juu, wazi, kila mtu anauona, na yeye hajali.

"Nakuuliza wewe! Unamngoja nani?"

"Simngoji mtu," nikasema, na kipaza sauti kikayapeleka maneno kanisa zima.

Nikaanza. Nilianza juu mno, sauti ikakwaruza, kinanda kikakosa pa kunishika kikaacha. Mstari wa kwanza niliuimba peke yangu, vibaya, na koo linauma. Wa pili, sauti yake ya pili ikaja kutoka benchi la mwisho, ya mtu asiyeimba siku nyingi, chini kidogo ya mahali pake. Halafu mwenzetu mmoja wa dobi akafungua mdomo, akafuata yule bibi, wakafuata wengine, wanawake waliokuwa wanaujua mvumo tu kwa sababu waliusikia miaka yote chini ya kelele za rola, hawayajui maneno, wakaimba hivyo hivyo bila maneno, midomo wazi. Tulikosea mara mbili tukaendelea. Hakuna aliyetupulizia, na tukaimba mpaka mwisho.